Mishipa ipi inayouharakisha moyo?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu miili ya wanaanga. Nimeandika: "Mvutano unapobadilika, mishipa huuharakisha moyo." Mhariri kanirudishia akiuliza, mishipa ipi? Mimi naona sentensi iko sawa.

JIBU: Mhariri wako hakukosea. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na ukisikia "fulani ana mshipa" huenda anayesemwa anaumwa ngiri. Kwenye mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika mada yako hautuokoi, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imo kazini kwa pamoja.

Mtazame mtu anayeinuka kitandani. Damu kiasi cha nusu lita au zaidi huteremkia miguuni na tumboni, shinikizo likashuka. Kwenye kuta za ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) za shingoni, na za ile kubwa itokayo moyoni, zimo ncha za neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazohisi kushuka huko. Ubongo ukipata habari hulegeza breki ya neva ya vagasi, ile inayoupunguzia moyo kasi, na kuchochea neva za simpathetiki, zile zinazouharakisha. Moyo unakwenda mbio, mishipa ya damu inajibana. Hebu andika hayo yote kwa "mishipa" tupu!

Basi zinazopeleka habari ziite neva, na zinazopitisha damu ziite mishipa ya damu, au ateri na vena (zinazoirudisha damu moyoni) ukitaka kupambanua. "Mshipa wa fahamu" si kosa, ila mwanaanga aliyerudi duniani anaweza kusimama akazimia, yaani akapoteza fahamu, na fahamu mbili katika sentensi moja humkanganya msomaji. Halafu ni neva hii, neva hizi. "Maneva" mimi siipokei.

"Mvutano" nao ukiachwa peke yake unanukia ugomvi. Andika nguvu ya mvutano. Wala usiseme kituo cha anga za juu hakina nguvu hiyo: kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, bado ni kama asilimia 90 ya ile ya ardhini. Mwanaanga huelea kwa kuwa yeye na chombo chake wanaanguka pamoja huku wakiizunguka dunia. Kinachokosekana ni kuhisi uzito.

Mimi ningeandika: "Mwanaanga anaporejea duniani na kusimama, neva huuharakisha moyo na kuibana mishipa ya damu, japo si kwa wepesi wa kabla ya safari."