Naosha Nywele Kila Baada ya Wiki 3

Nilianza kufuga nywele nilipomaliza sekondari hapa Gulu, kwa kuwa shuleni kwetu, kama katika shule nyingi za Uganda, wasichana tulitakiwa kunyoa. Kwa pupa ya mtu aliyenyimwa kitu kwa miaka mingi, niliziosha kwa shampuu kila Jumamosi na kuzipaka kila mafuta niliyosikia yakisifiwa saluni, lakini baada ya miaka miwili zilikuwa bado hazijavuka masikio.

Sikujua kwamba zilikuwa zikikua kama kawaida, yaani takriban sentimita 1 kwa mwezi, ila zilikatika nchani kwa kasi ileile. Unywele wa sentimita 36 una ncha ya miaka 3 hivi, ncha ambayo haina uhai wa kujiponya, na mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huifikia kwa shida kwa sababu nywele zetu zimejisokota. Kila kufumua, kuosha na kuchana kunazidi kuichosha.

Sasa ninaosha kila baada ya wiki 3, nywele zikiwa zimesukwa mabutu 6 makubwa ambayo siyafumui. Shampuu niliyoizimua kwa maji ninaimimina kwenye ngozi ya kichwa tu, ninasugua kwa vidole bila kutumia kucha, na povu linaloteremka linatosha kusafisha sehemu iliyobaki. Baadaye ninafumua butu moja moja na kuchambua mafundo kwa vidole kabla ya chanuo, nikianzia nchani.

Mafuta ninayotumia ni moo yaa tu, kama Waacholi wanavyoyaita mafuta ya shea. Ya huku kwetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na huyeyuka upesi kiganjani, hivyo kiasi cha punje ya harage kinatosha butu zima. Huyapaka nywele zikiwa mbichi, kwa maana mafuta hayaleti unyevu, bali huuzuia usitoke. (Harufu yake ya moshi mimi naipenda, dada yangu haipendi kabisa.)

Mwenye mba asiufuate utaratibu huu, wala asiupake mba mafuta, kwani vimelea vinavyohusika na mba hujilisha mafuta; aoshe mara nyingi zaidi, tena kwa dawa. Hata mimi, nikisafiri kwa boda boda wakati wa kiangazi na kurudi na vumbi jekundu hadi kwenye mizizi ya nywele, huosha siku hiyohiyo.