Nukta nne ndizo zilizotangulia

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza nukta mbili za uwiano (:) zilitoka wapi, na zile nne za "ndege : kiota :: nyuki : mzinga" zina undugu gani nazo. Nafundisha hesabu sekondari hapa Nairobi, upande wa Eastlands, na karibu kila mwanafunzi hudhani nne ni mbili zilizorudiwa. Mambo ni kinyume. Nne ndizo zilizotangulia.

William Oughtred, kasisi wa kijiji cha Albury huko Uingereza, alichapisha kitabu cha hesabu, Clavis Mathematicae, mwaka 1631. Ndiye pia aliyetuachia alama × ya kuzidisha. Uwiano aliuandika kwa nukta moja tu, na katikati ya pande zinazolingana akaweka nne: 2.5 :: 4.10. Yaani mbili kwa tano ni kama nne kwa kumi.

Hebu itazame tena hiyo 2.5. Leo mtoto wa darasa la sita ataisoma mbili nukta tano, na hana kosa. Oughtred hakupata shida hiyo kwa sababu desimali zake alizitenga kwa mstari, si kwa nukta. Lakini watu wa majedwali ya logi (logarithm), yale ya kurahisisha hesabu ndefu, walikuwa wameshaanza kuitumia nukta kwa desimali, na alama moja kubeba maana mbili katika mstari mmoja ni kutafuta balaa. Mwaka 1651 mwanafalaki Vincent Wing, naye Mwingereza, akaandika uwiano kwa nukta mbili, zile nne akaziacha palepale: 2:5 :: 4:10.

Kisha akaja Leibniz, mwanahisabati Mjerumani asiyependa alama za ziada. Mwaka 1684, katika jarida la Acta Eruditorum, alitumia nukta mbili kwa kugawanya. Kwake uwiano ulikuwa mgawanyo tu, kwa hiyo nukta nne hazikuwa na kazi: alama ya = yatosha. Hadi leo shuleni Ujerumani 12:3 ni kumi na mbili gawanya kwa tatu.

Kwenye ramani ya 1:50,000, ile inayowatoa jasho watahiniwa wa jiografia, Leibniz yuko sawa: ni sehemu tu, sentimita 2 kwa kilomita 1. Ila mpeleke mjengoni. Fundi akiandika 1:2:4 ukutani kwa penseli, vibarua wanajua ni karai moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Ukigawanya moja kwa mbili, kisha kwa nne, utapata moja ya nane, namba isiyomfaa yeyote aliyeshika sepetu. Hapo nukta mbili hazigawanyi kitu, zinapanga mafungu.

Zile nne zimetoweka karibu kabisa katika hesabu. Zimebaki kwenye maswali ya kulinganisha maneno, kama lile la ndege na nyuki, na kwa maoni yangu hapo ndipo zinapofaa hasa. Ndege hagawanyiki kwa kiota, na ukiweka = kati yake na nyuki utakuwa umedai usawa usiokuwepo. Nukta nne zinasema "ni kama", basi. Kwenye karatasi zangu za mazoezi bado nazitumia kwa maneno. Kwenye namba naandika =, maana msahihishaji wa mtihani wa taifa hana muda wa kumkumbuka Oughtred.