Midas hakumuuliza mtu

Tiketi za mchezo wa kuigiza tulipewa na jirani, na mimi nilitaka kulala. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, na visa vya kale vya Wagiriki na Warumi nilivihesabu kuwa mambo ya wasomi. Mke wangu akanivuta. Mchezo wenyewe ni wa Mary Zimmerman, ulionyeshwa Chicago mwaka 1998, na umetokana na tungo za Ovid, mshairi wa Kirumi wa miaka 2,000 iliyopita. Jukwaa ni bwawa la maji. Waigizaji wanaingia na nguo zao, wanalowa chapachapa.

Kisa cha Midas unakijua: mfalme anaomba kila atakachogusa kiwe dhahabu. Binti yake anamrukia kumkumbatia, anagandia mikononi mwake. (Kwa Ovid binti hayupo, mfalme anashindwa tu kula mkate na kunywa divai. Aliyemtia binti ni mwandishi Mmarekani Nathaniel Hawthorne, karne ya 19. Namshukuru.)

Kilichonigutusha kilikuja mwishoni. Wazee maskini, Baucis na mumewe Philemon, wanapokea wageni wawili waliofungiwa milango ya nyumba elfu. Hawajui kuwa ni miungu. Ovid anasema meza yao ilikuwa na mguu mfupi, bibi akauwekea kigae. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wanaambiwa waombe lolote. Mzee hajibu. Anasogea pembeni na mkewe, wananong'ona, ndipo anarudi na ombi: tufe kwa wakati mmoja, asibaki wa kumzika mwenzake.

Midas naye alizawadiwa kwa ukarimu, maana alimkirimu mzee Silenus, mlezi wa mungu wa divai, siku kumi. Wenyeji wema wote hao, na swali waliloulizwa ni lilelile.

Nikaikumbuka simu ya bosi. "Usiku sita kwa wiki, ovataimu ipo." Nikasema ndiyo hata hajamaliza. Mke wangu alikuwa nyuma yangu anakata vitunguu, wala sikugeuka. Miaka miwili tuliongea kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayebeba boksi kama mimi, izoee kauli hii: "Nitakujibu kesho." Ukiambiwa nafasi itachukuliwa, uliza mwisho ni saa ngapi. Hata nusu saa inatosha kunong'ona. Nilipoijaribu mara ya kwanza jasho lilinitoka, bosi akasema tu sawa. Ila usije ukamwambia mwenzako "nimeamua, unaonaje?" Huko ni kumtangazia. Kama huna mwenzi, muulize anayekuona ukirudi umechoka.

Na ukiuliza, kubali kukataliwa. Mke wangu alizikataa shifti za Jumamosi, na ukifika mwezi wa ada ya mdogo wangu kule nyumbani, pengo la hela hiyo tunaliona kweli. Jumamosi usiku tunakula pamoja. Meza yetu ya mtumba inayumba, nimeukunjia boksi chini ya mguu.