Sayari ndogo kwenye nyota zenye chuma kidogo

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne hapa Lamu. Nimesoma kwamba wanaastronomia wanatafuta sayari ndogo kwenye nyota zenye metali chache. Ikiwa Dunia yetu ni mawe na chuma, mbona wanatafuta pasipo na chuma? Na kwa nini kazi hiyo ni ngumu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwetu wanaastronomia, "metali" ni kila elementi nzito kuliko heli, hata oksijeni, na chuma ndicho tunachotumia kukadiria metali zote za nyota. Na chache si kwamba hazipo: Jua lenyewe lina asilimia moja na ushee tu.

Sayari kubwa kama Mshtarii huanza na kiini cha mawe na barafu, chenye uzito wa Dunia kama 10 hivi. Kiini hicho sharti kikue kabla gesi inayoizunguka nyota changa haijatoweka, yaani ndani ya miaka milioni chache. Malighafi ikiwa haba, muda humalizika. Sayari ndogo haihitaji mzigo wote huo. Kepler-444, nyota yenye umri wa miaka bilioni 11 hivi na chuma kisichofika theluthi ya kile cha Jua, ina sayari tano, zote ndogo kuliko Dunia.

Ugumu uko kwenye kupima. Sayari huivuta nyota yake ikayumba, nasi tunalijua hilo kwa mistari myeusi inayoonekana mwanga wa nyota ukitandazwa kuwa rangi zake, ambayo husogea nyota inapotujia na inapotuacha. Chukua vikoi viwili vya milia mingi myembamba, ukitandaze kimoja juu ya mwenzake, milia ikae sawasawa. Kivute cha juu kwa upana wa uzi mmoja: utaona mara moja. Sasa jaribu kwa shuka mbili nyeupe zenye milia miwili mitatu iliyopauka! Sehemu kubwa ya mistari ile huchorwa na chuma. Chuma kikipungua, mistari inakuwa michache na hafifu, na kosa la kipimo linakua.

Hata hivyo imewezekana. HARPS, kifaa kinachopima kuyumba huko kwa nyota, kwenye kituo cha darubini cha La Silla nchini Chile, kimechunguza nyota zaidi ya 100 za aina hii. Mwaka 2016 ilitangazwa sayari ya HD 175607, nyota yenye takriban robo ya chuma cha Jua. Sayari hiyo ina uzito usiopungua Dunia 9 hivi, na huizunguka nyota yake kwa siku 29. Inaiyumbisha kwa mita 2 na ushee kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Dunia hulitikisa Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, basi pacha wa Dunia kwenye nyota kama hizo bado hatujamfikia. Mimi naamini wapo.

Ukitaka kuiona nyota yenye chuma kidogo kwa macho yako, nenda ufukwe wa Shela mwezi Juni, baada ya isha. Tazama karibu na utosi, kaskazini kidogo. Ile inayong'aa kwa rangi ya chungwa ni Arcturus, na chuma chake ni kama theluthi ya kile cha Jua.