Kwa nini wachezaji wako wanaondoka mezani

Ndugu, umeeleza kwamba kikundi chako cha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji huigiza mhusika katika hadithi inayosimamiwa na kiongozi, na dadu huamua matokeo) kilianza na watu sita, sasa mmebaki watatu, na kila aliyeondoka alisema tu kuwa amebanwa na kazi. Kwa uzoefu wangu wa kuongoza mchezo huu, udhuru huo mara nyingi ni wa adabu. Umemtaja, kama kwa kupita, mchezaji ambaye mhusika wake huwaibia wenzake kisha hujitetea kuwa "ndivyo mhusika wangu alivyo". Hapo ndipo ningeanzia, kwa kuwa mtu aliyesubiri zamu yake nusu saa, halafu akaibiwa upanga na mwenzake kabla hata hajarusha dadu, hana sababu ya kurudi Jumamosi ijayo. Zungumza na huyo anayeiba faragha, nje ya mchezo. Kumpelekea mhusika wake zimwi hadithini ili kumkomesha humchochea tu (nami nilishajaribu). Kisha kutaneni nyote bila dadu, mkubaliane kuhusu muda, simu na mambo yasiyoguswa hadithini. Jichunguze nawe: kiongozi anayeamua kila jambo huwageuza wachezaji kuwa watazamaji. Lakini ikiwa kuna aliyeshikwashikwa au kutishwa, usipatanishe. Mwondoe mkosaji siku hiyohiyo, na umsaidie aliyedhulumiwa kufika polisi akitaka.