Mbuyu ulifikaje Australia?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimeona picha za mibuyu ya Australia nikabaki mdomo wazi, maana nilijua ni miti ya Afrika na Madagaska tu. Jamaa yangu anasema ni kwa sababu zamani mabara yalikuwa yameungana, ni kweli? Na mbona aina nyingi zimerundikana Madagaska?

JIBU: Salama kabisa. Mabara yaliungana kweli, ila hesabu ya miaka inamkatalia jamaa yako. Madagaska iliachana na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na utafiti wa jenomu (vinasaba vyote vya mmea) uliotoka 2024 unaonyesha mibuyu ilianzia Madagaska kama miaka milioni 21 iliyopita, yaani bahari ilishakuwepo kitambo, kwa hiyo mti ulivuka maji. Na ukishika tunda lake utaelewa: ganda gumu, ndani unga mkavu umezishikilia mbegu, halafu linaelea. Mikondo ya Bahari ya Hindi ikilibeba na likafika salama hata mara moja tu ndani ya mamilioni ya miaka, basi kazi imekwisha.

Sasa kufika sio kukaa. Mbuyu unaweka maji kwenye shina na kiangazi kirefu haukiogopi, ila mche wake ukipigwa na barafu ndio basi tena, ndio maana hauendi kwenye baridi kali.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni maua. La Afrika linaning'inia kwenye bua refu, linafunguka jioni, popo wanakuja kunywa na kuondoka na chavua. La Australia limesimama, na mgeni wake ni nondo mwenye ulimi mrefu. Ua likishabadilisha mgeni, chavua za pande mbili hazikutani tena, na hapo aina mpya inaanza kujitenga taratibu. Madagaska ndiko mibuyu ilikokaa muda mrefu zaidi, na hali ya hewa inabadilika sana kutoka kona moja hadi nyingine, so kati ya aina 8 duniani 6 ni za huko tu. Wa Afrika una seti 4 za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) wakati wenzake wana 2, na ndio uliosambaa kuliko wote.

Mibuyu ya India usiihesabu humu, ile ilipelekwa na wafanyabiashara kwa majahazi.