Boti au ndege? Kwanza niambieni ni mwezi gani

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: mgeni aliyeko Dar es Salaam, anayekwenda Unguja mapumziko kwa mara ya kwanza, apande boti au ndege? Nimeona wengi wamejibu kwa kuangalia mfuko. Mie kabla ya mfuko ningemuuliza anakwenda mwezi gani.

Nafanya biashara ya madera na vitambaa vya mapazia. Nanunua Kariakoo, nauza soko la Darajani, Unguja, na kwa miaka kumi na minne sasa navuka mara mbili kwa mwezi, mwezi mwingine mara tatu. Ndege nimepanda mara tatu katika umri wangu, zote nimelipiwa. Si kwamba nazichukia. Vile videge vidogo vingi vinakuruhusu kilo 15 za mzigo, na furushi langu jepesi kabisa lina arobaini.

Sasa mwezi. Bahari yetu inaendeshwa na pepo mbili, kusi itokayo kusini na kaskazi itokayo kaskazini. Kusi huanza kuingia Aprili, ikapata nguvu Juni, Julai na Agosti, kisha ikalegea. Kaskazi hushika Desemba mpaka Machi. Baina yao kuna maleleji, siku ambazo maji yamelala kama mafuta na hata mtoto mchanga hasumbuki. Watalii wanapenda kuja Julai na Agosti kwa sababu ndiyo likizo ya kwao, masika yamekwisha na jua halichomi. Wameulizia hali ya hewa ya ufukweni, ya baharini hakuna aliyewaambia.

Na kwenda si sawa na kurudi. Hili ndilo nisilolisikia kwa wajibuji wenzangu. Kutoka Dar mpaka Mjini Unguja ni kilomita sabini na kitu, na boti karibu muda wote inaelekea kaskazini. Wakati wa kusi, basi, ukienda mawimbi yanakuja kwa nyuma na ubavuni: boti inayumba, inateleza, lakini inasukumwa. Ukirudi unayapiga kwa kichwa. Boti inapanda, inaning'inia kidogo, halafu inashuka kwa kishindo hadi meno yanagongana. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, kurudi ndiko kunakuwa na nafuu. Safari moja, tiketi ya bei moja, bahari mbili.

Mgeni akitoka Dar asubuhi atadhani namtisha. Ndani ya bandari maji hayatikisiki. Kushoto anaona soko la samaki la Feri, mbele pantoni la Kigamboni linavusha watu wanaowahi kazini, abiria wote wametoa simu wanapiga picha. Mie huwa natazama chupa ya maji. Naiweka mbele yangu, wima. Boti ikishapita mlango wa bandari na kuongeza mwendo, chupa inaanza kutembea yenyewe. Ikitembea taratibu, nalala. Ikianguka, natoa ndimu yangu kwenye pochi, naikwaruza ganda kwa ukucha na kuinusa. Hilo nilifunzwa na bibi mmoja wa Makunduchi niliyekaa naye miaka hiyo nikiwa mgeni wa biashara. Vidonge vya duka la dawa vinasaidia pia, lakini unavimeza kabla ya kupanda. Ukivimeza wakati chupa imeshaanguka, utavitoa pamoja na chai.

Saa ya kwanza ndiyo yenye kazi, kwa sababu hapo hakuna kitu baina yako na bahari kuu. Baadaye Unguja yenyewe inakukinga upande wa mashariki, boti inatulia, watu wanaanza kuzungumza tena, na mbele unauona mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe. Wageni hupiga makofi pale. Sisi wa huku hatupigi. Ni karibu na Chumbe hapo hapo ndipo MV Skagit ilipopinduka tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar, kusi ikiwa kali, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani. Boti ile zamani ikivusha abiria wa jimbo la Washington huko Marekani, kwenye maji yaliyokingwa na nchi kavu kila upande. Ilikuwa haijapita hata mwaka tangu MV Spice Islander I izame karibu na Nungwi ikielekea Pemba, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, imejaza kupita kiasi, siku kama kumi baada ya Idi. Mtaani kwetu tulisoma khitma mbili ndani ya mwaka mmoja.

Sisemi haya kumtia mtu hofu. Boti zinazokwenda sasa ni kubwa kuliko ile Skagit, zina kasi, na siku ya upepo mbaya safari huahirishwa. Ikiahirishwa, mgeni asigombane na mtu wa tiketi. Arudi akanywe chai. Na hizo tarehe mbili zina funzo la wazi kwa mwenye hiari ya kuchagua siku: aachane na vishindo vya kuingia Ramadhani na vya sikukuu. Sisi tunarudi kwa wazee wetu, hatuna budi. Yeye anakwenda kuogelea tu, Jumanne ya wiki ya pili haina ubaya wowote.

Kiti, asiende juu wala mbele. Watu wanalipa zaidi wakae juu kwenye makochi, na juu ndiko kunakoyumba. Akae chini, nyuma, katikati, karibu na wamama wenye vikapu. Ukiona mahali wamama wa Kizanzibari wamejipanga na kujifunika kanga tayari kulala, jua hapo pamepimwa.

Mambo ya karatasi ni mafupi. Sisi wenyeji kitambulisho. Mgeni wa nje ana nauli yake na anabeba pasipoti, ingawa hajatoka Tanzania, maana Uhamiaji wa Zanzibar watamtazama tena. Tangu Oktoba 2024 atahitaji pia bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima yake ya kwao. Bora ailipie mtandaoni kabla. Tiketi ainunue dirishani au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe. Pale nje ya bandari ya Dar kuna vishoka, wanavaa vitambulisho shingoni kuliko waajiriwa wenyewe. Mie na ujanja wangu wote niliwahi kuuziwa tiketi ya jana. Nilisimama getini na furushi mbili nikibishana na kijana wa watu asiye na kosa, kumbe tarehe imeandikwa kubwa vile.

Upande wa pili, Malindi, bandari ya Unguja, kuna wachukuzi na kuna papasi. Mchukuzi anabeba mzigo, mnakubaliana bei kabla hajaunyanyua, basi. Papasi anataka kukuchagulia hoteli. Ukimwambia "ahsante, nina mwenyeji" ukaendelea kutembea bila kupunguza mwendo, anakuacha. Ukisimama kumweleza mwenyeji wako ni nani, mtafika naye mpaka Shangani.

Ndege je? Julai mwaka jana wifi yangu alikuja kututembelea kutoka Dodoma, akalala kwangu Dar. Asubuhi kila mmoja akashika njia yake, mie boti, yeye ndege, maana alikuwa anaogopa maji. Ndege yake dakika ishirini angani, hilo kweli. Lakini alikaa foleni ya barabarani, akakaa foleni ya ukaguzi, ndege ikachelewa, akashuka uwanja wa ndege wa Kiembesamaki akagombania teksi. Alipogonga hodi kwa mama, mie nilishaoga na maandazi yamebaki mawili.

Kwa hiyo kurudi akasema twende sote kwa boti. Nikamwambia wifi, hii ni Julai, kurudi si kama kuja. Akasema mbona nyie wa huku mnarudi. Nikampeleka chini, nyuma, katikati. Nikampa ndimu, nikamfunika kanga, nikamwonya asile chochote kizito. Yeye akala nusu ya mkate mkavu. Mie nilikuwa nimeshapitia urojo pale karibu na soko, bakuli zima, na bajia na mishikaki ndani yake, kwa sababu safari za kurudi hunidanganya kila mwaka: unaondoka Malindi kisiwa bado kinakukinga, maji kama sahani, unajiona mwanamaji. Muhogo wa chipsi wa mwisho nilikuwa nimeubeba kwenye mfuko.

Kisiwa kilipoisha, chupa haikutembea. Iliruka.

Wifi alikuwa amelala, mdomo wazi, ndimu kaikumbatia. Mie ndiye niliyempungia mhudumu mkono anilete kifuko, kisha cha pili. Tulipoingia mlango wa bandari na pantoni la Kigamboni likawa linaonekana, akaamka, akajinyoosha, akanitazama usoni.

"Wifi," akasema, "kwani wewe hukuinusa ndimu?"

"Unayo wewe," nikamwambia.